Ali Mufuruki, kahawa ya butura na nikeli ya Kabanga

Tulipotaja jina la Ali Mufuruki katika kipindi cha asubuhi, ujumbe wa kwanza kutufikia ulitoka Rulenge: "Huyo alikuwa mbunge wa wapi?" Wa pili, kutoka Nyakahura, uliuliza kama ni yule mwenye mabasi. Hakuwa mbunge na hakuwa na mabasi. Tumeona tumweleze hapa kwa maandishi, kwa sababu dakika tano za hewani hazikutosha, na kwa sababu jambo alilokuwa akilisema miaka yote sasa limefika hapa kwetu Ngara na linatuhusu.

Mufuruki alikuwa mtu wa mkoa wetu. Alizaliwa Bukoba mwishoni mwa miaka ya 1950, akaenda kusomea uhandisi wa mitambo katika mji wa Reutlingen, Ujerumani, kisha akarudi nchini. Alifariki dunia Desemba 2019 nchini Afrika Kusini, akiwa na umri wa miaka sitini na kitu. Katikati ya hapo alifanya biashara, na zaidi ya biashara alifanya kazi moja ambayo Kiswahili hakina jina lake la neno moja: alisoma dalili za leo ili kujua uchumi na biashara vitaelekea wapi miaka ishirini au arobaini ijayo, kisha akawaambia wenzake wajiandae.

Huo si upiga ramli. Mkulima wa Kirushya anaujua vizuri. Ukiona upepo umegeuka na kumbikumbi wanatoka, hungoji mvua inyeshe ndipo utafute mbegu ya maharage. Mufuruki alifanya hivyo kwa kompyuta, simu, viwanda na madini.

Mwaka 1989

Mwaka 1989 Mufuruki alianzisha kampuni ya kompyuta jijini Dar es Salaam, akaiita Infotech. Kijana wa leo hawezi kuona ajabu yake mpaka aelezwe hali ya wakati ule. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hiyo ililegezwa baadaye, lakini miaka ya themanini kompyuta ilikuwa bado kitu cha ofisi chache sana. Tanzania Bara haikuwa na hata kituo kimoja cha televisheni mpaka 1994. Simu ya mkononi nayo ilifika mwaka huohuo wa 1994, na kwa miaka mingi ikawa ya matajiri wa mjini. Mtu aliyesimama mwaka 1989 akasema riziki yake itatokana na kompyuta alionekana kama anayefungua duka la makoti ya baridi Dar es Salaam.

Baadaye kampuni yake iliingia katika mambo mengi. Ilileta maduka ya nguo ya Woolworths kutoka Afrika Kusini, yakafunguliwa Tanzania na Uganda. Mwaka 2000 ulianzishwa umoja wa wakuu wa makampuni makubwa nchini, unaoitwa CEO Roundtable of Tanzania, naye akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Umoja huo ulikuwa mahali ambapo wenye makampuni walikaa meza moja na serikali na kuambiana ukweli, au angalau kujaribu. Pia alishiriki kuanzisha mpango wa kulea viongozi vijana wa Afrika Mashariki, akiamini kwamba nchi inaweza kukosa fedha ikapona, lakini ikikosa watu wa kuiongoza haiponi.

Wengi wenu mmewahi kupitia mikononi mwake bila kujua. Vodacom Tanzania ilipouza hisa kwa wananchi mwaka 2017, hisa moja kwa shilingi 850, mwenyekiti wa bodi yake alikuwa Mufuruki. M-Pesa ilikuwa imeshaingia nchini tangu 2008, hivyo hatusemi kwamba yeye ndiye aliyeileta. Tunasema kwamba mtu aliyeanza na kompyuta wakati hakuna kompyuta alikuja kuwa juu ya kampuni ambayo bibi wa Murusagamba anaitumia kupokea hela ya mjukuu aliyeko Mwanza.

"Afrika inainuka", kweli?

Hilo ndilo swali lililomtambulisha Mufuruki nje ya Tanzania. Mwaka 2000 gazeti la The Economist la Uingereza liliiita Afrika bara lisilo na matumaini. Mwaka 2011 gazeti hilohilo likageuka, likaandika ukurasa wa mbele kwamba Afrika inainuka. Wimbo huo ulipendwa. Marais waliuimba, mabenki yaliuimba, na wafanyabiashara wa Afrika waliokuwa wakialikwa kwenye mikutano ya Ulaya waliuimba kwa sauti kuliko wote.

Mufuruki alialikwa London mwaka 2013 kuhutubia mkutano wa TEDxEuston, wenye wasikilizaji wengi Waafrika. Angeweza kuuimba naye akapigiwa makofi. Akauliza kama ni kweli tunainuka. Kwa maneno yetu, hoja yake ilikuwa hii: uchumi unaokua kwa sababu bei ya mafuta na madini imepanda huko nje haujakua. Umekutwa na bahati. Kukua ni kuweza kutengeneza kitu ambacho jana hukuweza kukitengeneza.

Mwaka uliofuata mafuta yaliyokuwa yakiuzwa zaidi ya dola 100 kwa pipa yalianza kuporomoka, na kufikia Januari 2016 yalikuwa chini ya dola 30. Nigeria, nchi iliyotajwa sana katika wimbo ule, uchumi wake ulirudi nyuma mwaka 2016. Hatudai kwamba alitabiri bei ya mafuta. Aliangalia nyumba ikasimama juu ya nguzo moja, akasema ina nguzo moja.

Hapa ndipo tunapotaka msikilizaji wa Kagera amsogelee kidogo, kwa sababu sisi tunalo neno ambalo watu wa London hawana. Neno hilo ni butura.

Kwa msikilizaji asiye wa mkoa huu: mkulima amebanwa. Mtoto anadaiwa ada, au mama yuko wodini, au kuna msiba. Kahawa iko shambani lakini bado ni maua, au ni mbichi mtini. Anamwendea mtu mwenye fedha, anamuuzia kahawa hiyo ikiwa bado haijaiva, kwa bei ambayo wote wawili wanajua ni ndogo mno. Msimu ukifika, mwenye fedha anakuja kuchuma. Mkulima anapalilia, anakata matawi, anafukuza mwizi, na siku ya mavuno anasimama pembeni ya shamba lake kama mgeni. Serikali imeipiga marufuku biashara hiyo mara nyingi. Bado ipo, kwa sababu shida haisomi matangazo.

Sasa chukua butura uitoe kwenye shamba la mtu mmoja, uiweke kwenye nchi nzima. Nchi inauza pamba isiyosokotwa, ngozi isiyotengenezwa, mchanga wenye madini ambao haujachenjuliwa. Inauza ikiwa na haraka, kwa sababu ina madeni na watu wake wana mahitaji leo. Anayenunua ndiye anayevuna. Mufuruki hakulitumia neno butura katika hotuba zake tunazozijua, lakini tangu tulipoanza kumfuatilia hatujapata maelezo mafupi zaidi ya alichokuwa akikisema.

Na mkoa wetu unajua pia upande wa pili. Kiwanda cha TANICA cha Bukoba kinasaga na kupika kahawa ya Kagera na kuiweka kwenye kopo. Robusta ileile, udongo uleule. Tofauti ni mashine, umeme, mafundi na jina lililobandikwa kwenye kopo.

Miaka arobaini

Mwaka 2015 serikali ya Rais John Magufuli ilikuja na kauli ya Tanzania ya viwanda. Kila mtu akaanza kuhesabu viwanda. Mnakumbuka mjadala wa vyerehani vinne, kama ni kiwanda au si kiwanda. Hapa studio tuliupigia simu mpaka salio likaisha. Halmashauri zilipewa malengo, na mashine za kukoboa mahindi zilizokuwapo tangu zamani zikaandikwa upya kwenye orodha.

Mwaka 2017 Mufuruki na wenzake watatu, Rahim Mawji, Gilman Kasiga na Moremi Marwa, ambaye wakati huo aliongoza Soko la Hisa la Dar es Salaam, walitoa kitabu. Jina lake ni Tanzania's Industrialisation Journey, 2016–2056, yaani safari ya Tanzania ya viwanda. Wanaeleza kwamba nchi inaweza kutoka kwenye kilimo cha jembe hadi uchumi wa kisasa wa viwanda katika muda wa miaka arobaini.

Tuitazame namba hiyo kwanza. Wanasiasa hupenda miaka mitano, kwa sababu ndiyo umri wa kura. Miradi ya wafadhili huishi miaka mitatu. Hawa walisema arobaini, na wakaandika mwaka wa kuanza na mwaka wa kufika ili mtu aweze kuwakamata. Mtoto aliyezaliwa Ngara mwaka 2016 yuko shule ya msingi. Mwaka 2056 atakuwa na miaka 40, ana watoto, pengine analipa kodi au anaidai serikali kazi. Arobaini si namba ya kubahatisha. China ilianza mageuzi yake ya uchumi mwaka 1978, na ukihesabu arobaini unafika 2018, wakati simu nyingi zilizokuwa mifukoni mwetu tayari zilikuwa zimetengenezwa huko. Korea Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilikuwa nchi maskini ya wakulima wa mpunga.

Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050 mjini Dodoma, inayolenga uchumi wa dola trilioni moja na wastani wa kipato cha dola 7,000 kwa kila Mtanzania kwa mwaka. Dira hiyo ina waandishi wake na mchakato wake, na hatutasema imetoka kwa Mufuruki. Lakini tabia ya kuzungumza kwa namba na tarehe, ya kusema "tutakuwa hapa mwaka fulani" badala ya "tutajitahidi", yeye ni mmoja wa walioisukuma kutoka upande wa wafanyabiashara.

Tuseme na pale ambapo hatukukubaliana naye. Kitabu kile ni cha Kiingereza, na mazungumzo yake mengi yalifanyika kwenye kumbi za hoteli na mbele ya watu wa tai. Mpango wa kumtoa mkulima kwenye jembe uliandikwa kwa lugha ambayo mkulima haisomi. Isitoshe, mtu aliyetaka tutengeneze vitu vyetu alikuwa na maduka ya kuuza nguo za Afrika Kusini. Mwenye kumtetea atasema mfanyabiashara huuza kinachouzika leo huku akipanga kesho, na sisi tunakubali nusu ya jibu hilo. Nusu nyingine inatuonyesha jinsi jambo lenyewe lilivyo gumu: hata aliyeliona vizuri kuliko wengi, pesa yake ya kila siku ilitoka kwenye kuagiza.

Sasa tuje Bugarama

Nikeli ya Kabanga, hapa wilayani Ngara, imejulikana tangu utafiti wa miaka ya 1970. Wazee wa Bugarama waliwaona wazungu wa kwanza wakichoronga, wakaondoka. Wakaja wengine. Kwa miaka mingi leseni ilikuwa mikononi mwa Barrick na Glencore, na mgodi haukufunguliwa. Januari 2021 serikali ilitia saini mkataba mpya, ikaundwa kampuni ya Tembo Nickel ambamo serikali ina hisa asilimia 16. Leseni maalumu ya uchimbaji ilitolewa Oktoba mwaka huohuo. Mkataba ule ulikuja na ahadi kwamba madini yatasafishwa hapahapa nchini, katika kiwanda kitakachojengwa Kahama, eneo la uliokuwa mgodi wa Buzwagi.

Mufuruki alikuwa ameshafariki. Lakini ahadi ya Kahama ni hoja yake neno kwa neno: msiuze kabla haijaiva.

Tuangalie kilichotokea kwa wengine waliosema hivyohivyo. Indonesia ilikuwa ikiuza mchanga wa nikeli. Januari 2020 ikapiga marufuku kuusafirisha ukiwa ghafi. Umoja wa Ulaya ukaishitaki kwenye Shirika la Biashara Duniani na mwaka 2022 ukapewa haki, lakini Indonesia haikurudi nyuma. Makampuni ya China yalijenga viwanda vya kuyeyusha huko kwa kasi, na leo zaidi ya nusu ya nikeli ya dunia inachimbwa Indonesia. Upande wa pili wa shilingi ni moshi wa makaa ya mawe, mito iliyochafuka na malalamiko ya vijiji vilivyohamishwa. Tunawataja wote wawili, mwenye faida na mwenye hasara, kwa sababu wote wako kwenye kijiji kimoja.

Nikeli hiyo nyingi ya Indonesia ndiyo iliyoangusha bei. Machi 2022 nikeli ilipanda ghafla katika soko la London hadi kugusa dola 100,000 kwa tani kwa muda mfupi, mpaka soko likasimamishwa. Mwaka 2024 ilikuwa karibu dola 16,000 hadi 17,000. BHP, kampuni kubwa ya Australia iliyokuwa imeweka fedha Kabanga, ilisimamisha migodi yake ya nikeli huko kwao mwaka 2024, na mwaka 2025 ikajitoa Kabanga. Kuna la zaidi. Tuliambiwa nikeli ni ya betri za magari ya umeme. Ni kweli, lakini magari mengi ya umeme yanayotengenezwa China sasa yanatumia betri za aina nyingine ambazo hazina nikeli kabisa. Nikeli bado inahitajika kwa chuma kisichoshika kutu, yaani masufuria na mabomba, na kwa betri za magari ya safari ndefu. Haitakosa soko. Ila yule anayekuambia bei itapanda tu, muulize kama anaifahamu habari ya mwaka 2022.

Hapa ndipo njia ya Mufuruki ya kufikiri inapotufaa kuliko majibu yake. Mgodi na kiwanda cha kusafisha si kitu kimoja, na si lazima vianze siku moja. Mgodi unaweza kuanza kwanza, madini yaliyochenjuliwa nusu yakapakiwa kwenye malori kupitia Nyakanazi hadi bandarini, na kiwanda kikabaki "hatua ya pili". Hatua ya pili ina mwaka gani? Nani ameiandika, na ikipita nini kitatokea? Bei ikishuka, kampuni itaona kiwanda ni ghali. Ikipanda, itaona ni haraka kuuza. Sababu za kuahirisha hazikosekani katika hali yoyote ile.

Umeme nao umesogea. Wengi wetu tunayakumbuka majenereta ya dizeli ya Ngara na Biharamulo, na usiku wa giza mafuta yakichelewa. Sasa mitambo ya maporomoko ya Rusumo, megawati 80 tunazogawana sawa na Rwanda na Burundi, inazalisha tangu 2023. Mtu wa viwanda akiangalia ramani leo, haioni Ngara kama mwisho wa barabara. Ni mahali penye mpaka na nchi mbili, maji, umeme na mwamba wenye nikeli.

Wasikilizaji wametuuliza wafanye nini, na hatuna jibu kubwa. Tuna la kawaida. Mkutano mkuu wa kijiji kisheria unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Sheria ya madini ilivyorekebishwa mwaka 2017 inamtaka mwenye leseni ya uchimbaji kuandaa mpango wa huduma kwa jamii na kukubaliana nao na halmashauri. Kanuni za 2018 zinamtaka aoneshe Watanzania watauza nini mgodini na watafanya kazi gani. Hizo ni karatasi zenye mihuri, na mwenyekiti wa kijiji anaweza kuomba zisomwe. Swali la "vijana wetu wataajiriwa?" hujibiwa "ndiyo" kila mara. Swali la "wangapi watakuwa mafundi mchundo kufikia mwaka gani, na wanasomeshwa chuo kipi kuanzia lini?" halijibiwi kwa neno moja.

Yule msikilizaji wa Rulenge aliyeuliza kuhusu ubunge alitutumia ujumbe mwingine jioni. Ana mtoto darasa la nne, anayependa kufungua redio zilizoharibika, na anataka kujua kama chuo cha ufundi kinampokea mtu wa umri gani. Tumewasiliana na wanaohusika na tutamjibu hewani, pamoja na wengine wenye swali hilohilo.